Bobine ya Mwisho Ilibaki Yangambi

Ilianza Jumamosi saa nane mchana, wiki ya mwisho ya likizo kubwa, kwenye sali ya parokia hapa kwetu Kabondo. Asubuhi tulikuwa tumefanya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, kama kila Jumamosi, wasichana kufyeka majani kando ya mfereji na wavulana kuyabeba, na nilipoketi kwenye benchi mikono yangu ilikuwa bado inanuka majani mabichi. Masista walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi ili giza liingie. Joto lilikuwa la kukata pumzi. Niliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ninapoketi kila ninapokwenda, hata darasani, hata kwenye matanga.

Filamu ilikuwa ya polisi na mbwa wake, na ndiyo sababu niliruhusiwa. Bibi yangu, mama yake papa, hapendi nikanyage sali ya mapadri. Sisi ni Waislamu tangu enzi za misafara ya pembe, na Bibi hachoki kutukumbusha. Lakini papa ni askari gendarme, na kwenye karatasi zake kazi yake inaitwa maître-chien: yeye ndiye anayemshika mbwa wa brigade, anamfundisha, anatoka naye doria. Papa alisema, "Aende aone kama na Wazungu wanafanyaka kama mie." Bibi akanyamaza. Bibi akinyamaza, mtu anavaa viatu haraka na kutoka kabla hajabadili mawazo.

Nieleze kidogo habari ya huyo mbwa na nyumba yetu, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu mbwa ni najisi. Papa akirudi kazini hapiti lango la mbele. Anazunguka nyuma ya jiko, anavua uniforme, anajisugua mikono na miguu kwa udongo, kisha maji, tena maji, mpaka mara saba zitimie, anavaa kikoi safi, ndipo anakuja kumsalimia mama yake. Uniforme yake ina kamba yake ya kuanikia, na hakuna anayeweka nguo nyingine hapo hata kamba zote zikijaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani papa wote wa dunia wananawa kwa udongo. Shuleni ndiko nilikojua kwamba siyo, kwa sababu wavulana wa darasa langu hubweka nikiitwa ubaoni. Hawabweki kwa nguvu, ni chini chini tu, profesa asisikie. Ndiyo maana siku hizi hata jibu nikilijua siinui mkono.

Mbwa mwenyewe ni wa aina ya berger, mkubwa, mgongo mweusi, sikio moja limechanika. Anasikia Kifaransa tu. Watu wa mtaani wanasema anakijua kuliko chef de quartier, mkuu wa mtaa wetu, lakini wanasema hivyo chef akiwa mbali. Ana matricule, namba yake, kama askari, na ana ration yake, nyama na mchele, imeandikwa. Hiyo ration inashuka kutoka juu, inapita mikono ya wakubwa, na inapofika kwa papa imebaki karatasi ya kutia sahihi. Mbwa hali sahihi. Ilibidi mtu ampikie, na jikoni kwa Bibi lisingesemeka hata neno lenyewe.

Aliyekubali ni jirani yetu, mjane. Sote tunamwita Mama Mikate. Alitoka Yahuma akimfuata mume wake, mume akafa, naye akabaki upande wa pili wa ua wetu wa miti. Kila asubuhi anakaanga mikate, ile midogo ya mviringo, na nusu ya barabara yetu, Wakristo na Waislamu, hawanywi chai bila hiyo. Bibi mwenyewe hunituma na sahani yake nyeupe yenye ukingo wa buluu. Papa alimwendea huyo mama taratibu, siku nyingi zimepita, na tangu hapo alikuwa akimpikia mbwa mihogo na vichwa vya samaki. Wakati wa likizo mimi ndiye niliyebeba sufuria: natoka kwenye pengo la ua, napita njia ya nyuma, namkabidhi papa kwenye lango la kambi ya magendarme, narudi. Wakati wa masomo anaipeleka yeye mwenyewe akimaliza kuuza. Mama yangu alijua. Bibi hakujua, na wanunuzi wa mikate hawakujua. Papa alikuwa ameniambia maneno haya, na nilikuwa nayabeba pamoja na ile sufuria:

"Usiseme kitu. Watu wa msikiti wakijua mukono inapikia mbwa njo inakaanga mikate yao, huyu mama atakula nini?"

Basi, filamu.

Ilikuwa mji wa baridi, watu wanatoa moshi mdomoni, barabara zinang'aa kwa mvua. Tajiri mmoja wa dukani amenyongwa usiku na muuaji ameacha glavu. Anakuja polisi mmoja mrefu, koti mpaka magotini, hacheki, na mbwa wake. Mbwa huyo alifanana na wa papa mpaka nikashtuka, ila masikio yake yalikuwa mazima. Watu waliongea Kifaransa cha haraka, na kwa kuwa wengi salini hawakikamati, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama kando ya pazia la filamu na megafoni ya Chama, akitafsiri kwa Kiswahili na Lingala. Ninasema kutafsiri, lakini mimi Kifaransa nakisikia, na mara nyingi alikuwa anaongeza chumvi. Polisi akisema "Njoo," yeye alitoa hotuba. Watu walimpenda zaidi ya filamu.

Polisi akawakusanya wote walioonekana karibu na duka ile siku, akawapanga mstari uani kwenye ofisi yao. Akamnusisha mbwa ile glavu. Mbwa akaanza kupita mbele ya watu, pole pole, mmoja, mwingine, na salini hata watoto walinyamaza. Akafika kwa mzee anayeuza karanga za moto barabarani. Akasimama. Akaketi mbele yake. Mzee macho yakamtoka. Hapo pazia likawa jeupe.

Fundi wa mashine alitoka jasho likimtiririka, akasema mkanda wa mwisho, bobine ya kumalizia, haipo. Filamu ilianzia kuonyeshwa Yangambi, kwa watu wa kituo cha kilimo, na huko wamesahau kisanduku kimoja. Kitakuja na boti itakayofuata. Vijana wakapiga miluzi, benchi zikagongwa sakafuni. Yule mwalimu akaona sali itamvunjikia mikononi, akainua megafoni akamalizia mwenyewe. Mzee akakamatwa, alisema. Akakubali yote. Akafungwa maisha, na mbwa akapewa medali. Mwisho. Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeuona mkia wa yule mbwa. Ulikuwa unafagia chini, kulia na kushoto. Papa alikwisha kuniambia kwamba mbwa akipata anachotafutishwa anakuwa mgumu kama ubao, mkia umesimama. Akifagia chini amemwona rafiki. Yule mzee wa karanga labda alikuwa anamtupia chakula. Nilitaka kumwambia mtu, na sikuwa na mtu. Nikatamani kutoka nje, lakini mlangoni palikuwa pamekwisha kujaa.

Mbele kabisa, benchi ya wakubwa, chef de quartier alikuwa amesimama juu ya benchi na suti yake ya kijani, abacost. Karibu naye aliketi kamanda wa brigade, mkuu wa papa. Chef alisema tunyamaze. Kisha akasema, "Citoyens, citoyennes. Mbwa tuko nayo. Na siye tuko na glavu yetu."

Kila mtu alielewa. Siku mbili kabla, Alhamisi, mzigo wa vitambaa vya wanawake wa animation, wale wanaokiimbia na kukichezea Chama, vile vya kuvaa siku ya gwaride la défilé vyenye picha ya Guide, rais wetu, uliibwa kwenye ofisi ya Chama ya mtaa wetu. Mwizi aliacha kandambili moja ya mguu wa kushoto, ukanda wa buluu. Chef alikuwa hajatulia tangu hapo. Jumatatu angeitwa kwa wakubwa wa Commune kueleza, na watu wamekwisha kuondolewa kwenye vyeo kwa mambo madogo kuliko hayo. Alikwenda nyumba hadi nyumba na hiyo kandambili chini ya kwapa, akiwavisha watu. Ilikuwa inawatosha nusu ya mtaa.

Akamgeukia kamanda, wakanong'ona, kamanda akacheka, akatuma askari kambini. Papa aje na mbwa, uwanja wa mpira wa shule, sasa hivi. Wote walioingia ofisini wiki ile wapangwe mstari.

Nilitoka salini na watu, nikisukumwa. Nilikuwa nahesabu kichwani nani aliingia ofisini wiki ile. Wanawake wa animation walikwenda kupimiwa vitambaa. Vijana wawili walirekebisha bati. Na kufagia ofisi ni kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na wiki ile zamu ilikuwa ya Mama Mikate.

Nilipofika uwanjani alikuwa tayari kwenye mstari, katikati, kati ya mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akitania kwamba mbwa akimgusa atamuoa, na kijana mmoja wa bati. Mama Mikate hakutania. Alikuwa anafuta mikono kwenye pagne aliyojifunga, anaitazama, anaifuta tena. Pale uwanjani mimi na yeye tu tulijua anafuta nini. Asubuhi ile, kabla ya salongo, alikuwa amevunja vichwa vya samaki kwa vidole hivyo.

Bibi naye aliletwa. Mtu alimletea kiti akakiweka kwenye kivuli cha veranda ya shule, kwa heshima, kwa kuwa mwanawe ndiye bwana wa siku. Nikasimama nyuma ya kiti chake. Wavulana wa darasa langu walikuwa juu ya ukuta. Mmoja akabweka. Safari hiyo watu wakubwa pia walicheka.

Papa alikuja akiwa amemshika mbwa kwa mkanda mfupi. Alitembea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alimsalimu kamanda, kisha akamwambia chef, kwa sauti ya kawaida, kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba kandambili imekwisha kushikwa na mtaa mzima.

"Wewe mwenyewe, chef, siku mbili unaibeba kwa kwapa," alisema. "Mbwa akisema kweli, atakukamata wewe."

Kicheko kikapanda. Chef hakukipenda. Akamuuliza papa kwa sauti ya mkutano: "Citoyen gendarme, unaogopa nini? Iko mutu unaficha?"

Papa akamtazama kamanda. Kamanda alimwamuru atekeleze kwa neno moja tu, "Exécution."

Mbwa akanusishwa kandambili. Akapiga chafya. Papa akamwambia atafute, "Cherche," na nikajua kutokana na sauti yake kwamba alikwisha kumwona Mama Mikate. Mbwa akaanza. Alipita kwa mwanamke wa kwanza, wa pili, bila hamu, kama mtu anayepita sokoni hana haja ya kununua. Papa alijaribu kumharakisha, nilimwona akivuta mkanda kidogo. Haikusaidia. Kabla mbwa hajafika katikati pua yake iliinuka, akamruka yule mnene, akaenda moja kwa moja kwa Mama Mikate, akaketi. Mkia ulifagia vumbi, kulia na kushoto, mpaka likapanda.

"Njo ye muizi!" alipiga kelele mtu, na uwanja mzima ukafuata. Yule mwalimu, megafoni mkononi, akatangaza kwamba ni kama kwenye filamu kabisa, kabisa.

Mama Mikate hakusema kitu. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu asiye na kosa hulia, huapa kwa mama yake. Yeye alimtazama papa tu, na papa alimtazama yeye, na nikaona kwamba wanazungumza. Akisema anampikia mbwa, anaokoka kufungwa cachot, lakini kesho nani atanunua mikate yake? Na papa akisema, atakuwa amesema mbele ya kamanda kwamba ration ya mbwa haifiki, na kamanda ndiye anayeipokea kwanza. Kwa hiyo walitazamana. Chef alikwisha kuita vijana wa Chama, na mmoja wao akamshika yule mama mkono, juu ya kiwiko, kwa nguvu.

Sijui nilitokaje nyuma ya kiti cha Bibi. Ninakumbuka nyasi za uwanja, kwamba zilikuwa zimekatwa asubuhi na zilinichoma miguu. Mpango wangu ulikuwa kumnong'oneza chef sikioni. Chef peke yake. Angeelewa, angesema mbwa amekosea, mambo yangekwisha hapo na hakuna ambaye angejua la sufuria. Mpango mzuri. Nilifika mbele yake, nikasema ninachotaka kusema, na sauti haikutoka. Nikasema tena.

"Huyu mutoto anasema nini?" aliuliza chef.

Yule mwalimu akadhani ananisaidia. Aliniwekea megafoni mdomoni. Nami nilikuwa nimekwisha kuanza sentensi kwa mara ya tatu, na safari hii kwa nguvu, kwa sababu mbili za kwanza hazikusikika.

"Njo yeye anapikiaka mbwa. Mie nabebaka sufuria."

Sikuwahi kusikia sauti yangu hivyo. Ilikwenda mpaka ukutani, ikarudi. Iliwafikia wanawake wa msikiti waliosimama kando ya goli na mitandio yao, ikamfikia Bibi. Kama ningeweza kuivuta irudi mdomoni ningeivuta. Mama Mikate alifumba macho.

Chef alisema natetea jirani, kwamba watoto wanafundishwa maneno. Akaniuliza kama niko tayari kwenda kuyarudia Commune. Nilikwenda kwenye mstari, mwisho wake kabisa, mbali na Mama Mikate, nikasimama pale na kugeuza uso kwa papa. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu kwamba kusema tena singeweza, na kusimama naweza.

Papa alielewa. Alimvuta mbwa nyuma, mbali, akamnusisha tena ile kandambili mbele ya wote. "Cherche."

Mbwa alikuja kwangu mbio. Miaka yote ile sikuwahi kumgusa. Sufuria nilimpa papa, na lango lilikuwa kati yetu. Alinisukuma tumbo kwa kichwa. Akatia pua yake kwenye kiganja changu, pua baridi, ya majimaji, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akanizunguka na kutazama nyuma yangu kama sufuria imewekwa hapo. Alipoikosa akaketi, akanitazama, akatoa sauti nyembamba ya kulalamika.

Uwanja ulicheka. Kilikuwa kicheko kingine, cha watu waliochoka kuwa wakali. Papa alisema, na sasa alisema waziwazi, bila kumtazama kamanda: "Bon, chef. Muizi iko wawili. Unanikamatia na mutoto yangu?"

Kijana wa Chama aliuachia mkono wa Mama Mikate. Chef alibaki ameshika kandambili, akiigeuza juu chini. Kamanda hakuuliza kwa nini mbwa wa serikali analishwa na mjane. Alitazama saa yake, akasema kumechelewa, akaondoka, na papa akamfuata na mbwa, hatua chache nyuma. Sikupenda namna alivyotembea. Nilikuwa sijui kama Jumatatu papa atakuwa bado na kazi.

Watu walitawanyika. Karibu na goli mama mmoja wa msikitini, aliyenunua mikate asubuhi ileile, nilimwona kwenye foleni, alijifuta midomo kwa ncha ya mtandio. Mwingine alisema neno, na mwenzake akatema mate chini. Mama Mikate alipita mbele yangu akielekea kwake. Alisimama kidogo. Hakuwa na hasira, ningependa awe nayo.

"Kesho nikaange ya nani?" aliniuliza. Akaenda.

Nyumbani Bibi alikuwa amenitangulia. Alisimama nyuma ya jiko, mahali pa papa, na birika mkononi. Hakunikaripia. Alinionyesha udongo kwa kidole. Nilijisugua mkono uliolambwa, yeye akamimina, nikajisugua, akamimina, na kila mara alingoja maji yaishe kabisa kabla ya kumimina mengine. Alikuwa hajawahi kunimiminia maji tangu nilipokuwa mdogo. Ya saba ilipokwisha akaniuliza:

"Sufuria gani?"

Nilimwambia. Sufuria ya mbwa ni yake peke yake, ina mpini uliovunjika, na kijiko chake, na mafiga yake nyuma ya choo cha Mama Mikate, mbali na kaango. Na kila akimaliza kuipika ananawa kwa udongo, halafu maji, mara saba, kabla ya kugusa unga. Nimemwona kwa macho yangu asubuhi nyingi.

"Nani alimufundisha?"

"Hakuna. Anamuonaka papa, kwa kupitia ua."

Bibi alitazama ule ua muda mrefu. Kisha aliiweka birika chini akaingia ndani kuswali, na jioni yote hakusema tena habari hiyo. Papa aliporudi alipita nyuma kama kawaida, akanawa, akavaa kikoi. Alipomsalimu Bibi, Bibi aliitikia. Mama alinipa chakula na sikukimaliza. Papa alinigusa kichwa alipopita, basi, na sikujua maana yake ni nini, ahsante au umeniponza.

Nililala vibaya. Kila nikigeuka nilimwona yule mzee wa karanga amesimama, yule mbwa ameketi mbele yake, kisha pazia jeupe. Hiyo bobine ya mwisho haijafika mpaka leo ninapoandika, au imefika na hawakutuonyesha. Nimekwenda kumuuliza fundi, mimi mwenyewe, akasema Yangambi nao wanasema waliituma. Kwa hiyo sijui kama kuna mtu alimsemea yule mzee.

Asubuhi, Jumapili, niliamka kabla ya wote na kusikiliza. Mafuta yalikuwa yanalia upande wa pili wa ua. Alikuwa anakaanga. Lakini kelele za foleni, wanawake wakiulizana habari na watoto wakisukumana, hazikuwapo. Bibi aliketi mahali pake, chai imekwisha kumiminwa, mvuke unapanda. Sahani yake ilikuwa rafuni. Hakunituma. Nilingoja aseme nenda, au aseme usiende, na alikuwa anakoroga chai tu, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka zamani.

Nikaichukua ile sahani. Nilipita lango la mbele, si pengo la ua. Mama Mikate alikuwa kwenye kigoda chake, beseni limejaa, limefunikwa kitambaa cheupe, na mbele yake hapakuwa na mtu. Nilimwambia ajaze. Alijaza bila kuniangalia, akaongeza mmoja juu.

Barabarani Wakristo walikuwa wanakwenda misa ya kwanza na nguo zao nzuri. Kwenye bomba, wanawake wa msikiti walikuwa na ndoo, na waliponiona na sahani walinyamaza. Wavulana wawili wa darasa langu nao walikuwepo. Kwetu msichana hali barabarani, akiwa amesimama, watu wanamtazama. Bibi angekufa kwa aibu, na mimi kwa kawaida hata maji siwezi kunywa mbele za watu. Nilisimama katikati ya njia. Nilisema bismillahi, kwa sauti, wasikie, nikachukua mkate mmoja kwa mkono uleule wa jana, nikauma. Ulikuwa wa moto, ukaniunguza ulimi. Niliutafuna pole pole mpaka ukaisha.

Kisha nikachukua wa pili.